Kumtukana Nkambo

Likizo kubwa ya mwaka ule sikutaka kwenda kijijini. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimewaomba mamasere, wale watawa wa kizungu wanaotufundisha Kasongo, waniruhusu kubaki na wasichana wanne waliokuwa wakishona mapazia ya kanisa, na masere mkubwa alikuwa amekubali. Kisha ikafika barua ya baba kwa mkono wa dereva wa kamyo ya pamba. Mistari mitatu tu: nkambo amerudishwa kutoka dispanseri ya Kabambare, muganga amesema hana dawa tena, njoo usaidie mama yako.

Nkambo ndiye mama ya baba. Mume wake tunamwita babu.

Kamyo ilikuwa ikienda bila mzigo kuchukua pamba, nikakaa nyuma juu ya magunia matupu pamoja na mwanamke mmoja na kuku zake. Kiangazi kilikuwa kimekauka, vumbi likatufanya wote wawili rangi moja. Nilishuka kwenye njia panda ya upande wa Wamaza, nikatembea kwa mguu mpaka jioni. Njiani nilikuwa nikijizoeza maneno ya kumwambia mgonjwa. Mamasere walitufundisha: mtu asimame mbali kidogo, aseme polepole, asiulize maswali mengi.

Nkambo alikuwa amelazwa barazani, juu ya kitanda cha mianzi, kichwa kikielekea njia ili aone wapitao. Tumbo lake lilikuwa limevimba upande mmoja tu, kana kwamba ameficha boga chini ya nguo. Nilipiga goti, nikatoa mikono miwili, nikainamisha macho.

"Jambo, nkambo. Pole kwa ugonjwa. Mungu akusaidie."

Aliniangalia muda mrefu, kisha akamgeukia mama, ambaye alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyu ni nani?"

"Ni mutoto wa mwana wako, mama. Ametoka shule."

"Hapana. Huyu ni mugeni. Muke-mwenzangu akifika nyumba hii, tunamusikia toka kule kwenye mto."

Akageuza uso ukutani. Nikafikiri ni ugonjwa unaosema.

Asiyekuwa wa kwetu pengine hataelewa, kwa hiyo naeleza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Ni kwa mdomo tu, lakini mdomo huo haufungwi. Basi nkambo na mjukuu wake ni wake wa mume mmoja, na wake wa mume mmoja wanatukanana. Mtoto akianza kusema maneno mawili, nkambo humfundisha la tatu, nalo ni tusi. Watoto wa kuzaa hawana ruhusa hiyo. Baba hakuwahi kumfanyia nkambo mzaha hata siku moja. Mama, kwa kuwa ameolewa tu pale, hawezi hata kukaa juu ya kitanda cha nkambo, wala kucheka mbele yake na kuonyesha meno. Heshima ni yao. Sisi wajukuu tuna kazi nyingine.

Nilipokuwa mdogo niliifanya kama wenzangu. Baadaye nikaenda shule, miaka minne ya kulala kule, na mdomo wangu, ambao haukuwa mkubwa tangu mwanzo, ukajifunga. Darasani hata jibu nikilijua nasubiri mwingine alitoe.

Siku mbili baada ya kufika kwangu, nkambo aliacha kula. Mama alimletea uji wa mchele, akafunga mdomo. Akamletea samaki aliyechomwa, akasema wapewe wenye safari ndefu. Siku ya pili ya kukataa chakula baba aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa na jembe mkononi na hakuliweka chini.

"Ulimwambia nini nkambo yako?"

"Nilimsalimia."

"Namna gani?"

Nikamwonyesha. Nikapiga goti pale pale kwenye majivu, mikono miwili, macho chini, na maneno yote mpaka Mungu akusaidie. Baba alifumba macho kidogo.

"Anasema muganga alikutumia habari shule. Anasema mumemuambia mutoto kwamba anakufa, kabla ya kumuambia yeye. Anasema sasa mutoto anamusalimia kama vile watu wanasalimia maiti."

"Sikutumiwa habari yoyote."

"Najua. Enda umutukane."

"Nimtukane na nini?"

"Miye nitajuaje? Ni mama yangu. Hata kukuonyesha siwezi."

Akarudi shambani kwake. Ndiyo mara ya kwanza baba kunipa kazi na kukimbia.

Nilichukua kaye yangu ya shule, daftari hili ninaloandikia, nikakaa chini ya ukingo wa ghala la mpunga, nikaandika matusi. Nilifanya kama zoezi la shule: la kwanza, la pili, la tatu. Ilinichukua muda mrefu kuliko hesabu. Matatu niliyafuta kwa sababu yalikuwa ya kweli mno. Kisha nikaenda barazani, nikasimama mguuni pa kitanda, nikafungua kaye, nikasoma.

"Wewe mwanamke mzee, umekula ujana wa mume wangu, na sasa bado unalala katikati ya kitanda."

Nkambo hakugeuka. Lakini sikio lililokuwa juu lilikuwa likinisikiliza, nililiona.

"Sikusikia," akasema.

Nikarudia.

"Sikusikia. Sema na watu wa barabarani wafaidi."

Nikarudia mara ya tatu. Jirani aliyekuwa akipura maharagwe akasimamisha fimbo.

"Iko mengine?"

"Yako saba."

"Soma."

"Sombe yako ya majani ya muhogo haina chumvi, ndiyo maana mume wetu amekonda."

Hapo akageuka. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka.

"Sombe yangu haina chumvi? Yako weye haina hata sombe. Mutoto wa miaka kumi na sita, anapika maji ya kijani, anasema ni chakula. Na nani alikufundisha kutukana ndani ya kitabu? Unasoma kama katekista wakati wa njaa. Enda, enda, leta ile uji, miye siwezi kufa na kumuachia mume mutu wa namna hii."

Alikula vijiko vitano. Mama alimlisha akiangalia chini, kama inavyopasa. Hakuna aliyenisifu. Jioni baba alipita karibu nami, akasema tu, "Kesho tena."

Kesho tena ikawa kila siku. Sitasema nilifurahi. Tulikuwa tumemhamishia ndani; nyumba ilinuka, na harufu ile niliivaa mpaka kwenye nywele. Asubuhi mimi na mama tulimwosha nkambo. Mama alishika kitambaa akageuza uso kwa heshima, kwa hiyo ni mimi niliyeona yote: ngozi imelegea, ule uvimbe, vidonda vya mgongoni. Nilipenda kuangalia ukuta. Nkambo alijua.

"Angalia, mwenzangu. Usiogope. Ndiyo shamba mume wetu alilima. Leo ni pori, lakini yeye mwenyewe bado anajua njia."

Mama akaangusha kitambaa ndani ya beseni. Nami nikasema, kwa sauti ile ile yangu ndogo, "Amesahau. Siku hizi analima kwangu."

Kwa kuwa nilisema hivyo, niliweza kumgeuza. Nimeliwaza jambo hili baadaye. Mikono yangu ilikuwa ikimwogopa mgonjwa, lakini mke mwenza haikumwogopa. Akilia kwa maumivu wakati wa kugeuzwa, nilimwambia anajidekeza ili mume aje, na yeye akanitukana badala ya kulia, mpaka tukawa tumemaliza. Muganga alikuwa ametupa vidonge vichache, vikaisha juma la kwanza. Baada ya hapo hatukuwa na kitu kingine.

Katekista alikuja siku moja kumsomea sala. Alinikuta nikimwambia nkambo kwamba mwaka huu mume ataninunulia kikwembe kipya cha kujifunga na yeye atapewa gunia. Katekista akaweka kitabu chake chini.

"Binti, mamasere wanakufundisha hivyo? Mbele ya mutu anayejitayarisha?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Nkambo akajibu kwa ajili yangu.

"Katekista, weye ni muke wa nani hapa? Haya ni mambo ya wanawake wa mume mumoja. Soma sala yako. Tukimaliza tutaendelea."

Akasoma, nasi tulipiga magoti, nkambo akaitikia vizuri kuliko sisi wote. Katekista alipofunga kitabu, nkambo aliniambia, "Ulisema gunia." Tukaendelea. Katekista alikuwa na nkambo wake pia, kijiji cha pili. Aliondoka bila kuongeza neno.

Ni siku hiyo nkambo alipoleta habari ya maziko. Alikuwa ameiweka moyoni, nadhani, tangu nilipopiga goti.

Kwetu, kabla maiti haijainuliwa, mjukuu mmoja anafunga nguo ya marehemu, anatembea uwanjani kama yeye, anasema kama yeye, anagombana na watu kama yeye, na watu wanacheka. Ndipo wabebaji wanainama. Asiye na mtu wa kumfanyia hivyo anabebwa kimya. Niliona jambo hilo mara moja nikiwa mdogo: mpasua mbao aliyetoka mbali, alifia kambini kando ya njia. Walimbeba kama wanavyobeba mbao zake. Hakuna aliyefanya vibaya, kaburi lilichimbwa vizuri. Lakini wanawake walisema kwa siku nyingi kwamba mtu yule amezikwa kama mgeni.

"Wajukuu wangu wanaume wako Kalima, wanachimba mawe ya wazungu," nkambo alisema. "Dada yako ameolewa Nyangwe, akipata habari, miye nimekwisha kuoza. Hawa wadogo wanajua kulia tu. Iko weye."

"Siwezi, nkambo."

"Kufa siogopi. Naogopa ile ukimya."

"Siwezi. Watu watakuwa wengi."

"Onyesha, nione."

"Sasa?"

"Unataka nione wakati gani?"

Nikafunga kikwembe chake, kile cha bluu, nikatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nkambo alikuwa na namna ya kutembea kama mtu anayefukuza kuku kwa magoti.

"Ni nani huyo? Ni bata?"

"Ni wewe."

"Miye situpi matako nyuma vile."

"Unatupa."

"Mume wetu, kuja hapa. Sema ukweli. Miye natembea vile?"

Babu alikuwa nje akisuka mtego wa samaki. Aliweka kichwa mlangoni, nikalazimika kutembea tena. Aliangalia kwa uangalifu sana, kama anayeangalia mbuzi kabla ya kumchukua.

"Ni weye kabisa," akasema.

"Nyamaza. Mume wa wanawake wawili hana akili. Mwenzangu, rudia."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka kuwa maumivu, na machozi yakatoka, sikujua ni ya lipi. Nikaacha. Akanipungia mkono: endelea. Nikaendelea, kwa kuwa sikujua cha kufanya kingine.

Tangu hapo tulifanya kila siku baada ya chakula cha mchana, pale pale ndani, na yeye akisahihisha. Mguu huu mbele. Mkono juu ya kiuno, hapana, huo ni wa mama yako. Mwendo niliupata. Sauti ilikataa. Nkambo enzi zake akiita mtu shambani, watu wa kijiji cha pili walikuwa wakiitika.

"Watu wa mwisho hawasikii," alisema. "Toa kutoka hapa." Akajigusa chini ya matiti.

Nilitoa. Ilitoka ile ile.

Akajaribu kunionyesha mwenyewe, na hapo tukagundua sote wawili kwamba sauti yake imekwisha. Ilitoka hewa. Akasema, "Basi, tumelingana," na akaomba maji.

Majuma mawili ya mwisho alinong'ona tu. Ilibidi niweke sikio karibu na mdomo wake kama anayeungama. Hakupunguza matusi, alipunguza urefu. Mama akipita, nkambo alimwita kwa kidole kimoja, akanong'ona, nami nikapeleka: anasema sombe imeungua. Anasema uondoe kuku barazani. Anasema babu amechana nywele, anakwenda kwa nani?

Alikufa asubuhi moja, jua likiwa limekwisha kupanda. Nilikuwa nimechelewa na maji kwa sababu nililala sana. Nilipoweka beseni chini, alinong'ona, "Umechelewa. Ulikuwa na mume wangu."

"Ndiyo," nikasema.

"Ndiyo tu?"

Nikatoka kumwaga maji ya jana, nikitafuta jibu zuri. Nililipata: kwamba mume ndiye aliyenishika kikwembe, hakutaka niondoke. Niliporudi alikuwa amekwisha. Nilikaa chini. Sikulia wakati ule. Nilifikiri juu ya jibu, kwamba halikuwa baya.

Wakamzika kesho yake, adhuhuri. Watu walikuja kutoka vijiji vitano, wanawake wamefunga nguo kiunoni, wanaume wamesimama pembeni na majembe. Katekista alisoma. Maiti ilikuwa uwanjani juu ya machela, imefungwa mkekani. Katekista alipomaliza, kukawa kimya, na kimya hicho kikaniangalia. Baba aliangalia miguu yake. Mwanamke mmoja mzee, rafiki wa nkambo, akanifunga kikwembe cha bluu kwa nguvu, kama anayefunga mzigo, akanisukuma.

Nilitembea. Magoti, mkono kiunoni, matako nyuma. Nilifika mpaka machela. Hakuna aliyecheka. Mwendo peke yake hautoshi. Lazima mtu aseme, na watu walikuwa wakingoja ile sauti. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi watu walivyo wengi, nikaufunga. Sijui nilisimama muda gani. Wabebaji wanne wakatazamana. Mmoja akainama, akashika mti wa machela, na wa pili naye akainama.

Nikalala chini. Sikupanga. Nililala vumbini kando ya machela, ubavu mmoja, kama nkambo alivyolala, nikainua kidole kimoja, nikamwita yule mbebaji wa kwanza. Hakujua afanye nini. Nikamwita tena. Akaja, akainama, nikamnong'oneza kwa sauti niliyokuwa nayo.

"Mikono umenawa?"

Akainuka amechanganyikiwa. "Anasema nini?" watu wakamuuliza.

"Anasema mikono nimenawa?"

Wale wa karibu wakacheka. Wa nyuma wakauliza, wakaambiwa, nao wakacheka baadaye. Nikainua kidole tena. Nikamwita katekista. Alikuja, namshukuru kwa hilo. Nikamwambia sala yake ilikuwa ndefu, maji ya kuoga yamepoa. Akapeleka mwenyewe, neno kwa neno, akiwa ameshika kitabu kifuani. Nikamwita rafiki wa nkambo, nikamwambia amefunga kikwembe changu vibaya miaka yote hii. Nikawaambia wabebaji wa nyuma waangalie, wakinitingisha nitarudi. Kila neno lilipita kutoka mdomo hadi mdomo, na kicheko kikalifuata, mbele kwanza, kisha katikati, kisha kule kwenye mihogo walikosimama vijana ambao hawakuniona hata kidogo. Walikuwa wakisukumana ili wasikie.

Mama mmoja wa kijiji cha pili akasema, "Huyo si yeye. Yeye alikuwa anapiga kelele."

Babu alikuwa amekaa juu ya kiti chake kidogo, fimbo kati ya magoti.

"Ni yeye," akasema. "Weye mwezi huu hukufika."

Wakainua. Walipotoka uwanjani watu wa mwisho walikuwa bado wanaambiwa habari ya maji ya kuoga, kwa hiyo nkambo alipita katikati yao wakicheka. Mimi nilibaki nyuma kupangusa vumbi. Nilikwenda jikoni kutafuta maji, na huko nyuma nikamkuta mama. Alikuwa amechuchumaa, amejaza ncha ya nguo yake mdomoni, mabega yanatikisika, uso umelowa. Aliponiona alitoa nguo mdomoni, na meno yake yote yakaonekana.

"Usiniangalie," akasema.

Nikachota maji, nikaondoka.